Maktaba zisizo na vitabu: Hesabu zinazobeba sayansi ya dunia

KILA siku baada ya taarifa ya habari ya saa moja usiku, Wakenya wengi husubiri kusikia iwapo mvua itanyesha. Mkulima wa Trans Nzoia hutaka kujua kama apande au angoje. Mvuvi wa Lamu hutaka kujua kama bahari itakuwa shwari. Naye mkazi wa mabondeni jijini Nairobi hutaka kujua kama atalala usingizi au atakesha.

Si jambo la mzaha. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliwaua watu zaidi ya 200 humu nchini na kuwaacha maelfu bila makao. Utabiri ukija mapema, na ukisikilizwa, huokoa maisha.

Hata hivyo, ni wachache wanaojiuliza utabiri wenyewe hutoka wapi. Setilaiti na vituo vya kupimia hueleza hali ilivyo leo, lakini vipimo pekee havisemi lolote kuhusu kesho. Ili kuifikia kesho, hali ya leo sharti igeuzwe kuwa hesabu, tena hesabu nyingi kiasi kwamba taifa zima likipewa kalamu na karatasi halingezimaliza kwa wakati.

Kazi hiyo hufanywa na kompyuta, naam, lakini kompyuta haikuzaliwa ikijua hesabu. Kuna watu walioketi wakaandika, hatua kwa hatua, namna ya kuzifanya, wakazijaribu kwa miaka na kuzihifadhi pamoja ili wengine wazitumie. Hifadhi hizo ndizo wataalamu wanaziita maktaba za programu za hesabu.

Maktaba hizi hazina rafu wala vitabu. Lakini bila hizo, utabiri wa hewa, madaraja, ndege, dawa mpya na hata picha za anga za mbali zingekwama. Makala haya yanaeleza ni nini, zilitoka wapi, na kwa nini zinamhusu kijana wa Kenya anayesomea sayansi.

Hesabu ya sokoni

Tuanze sokoni. Mama mmoja ananunua maembe mawili na machungwa matatu kwa Sh80. Jirani yake ananunua embe moja na machungwa manne kwa muuzaji yuyo huyo, naye analipa Sh65. Je, embe moja ni bei gani, na chungwa moja ni bei gani?

Mwanafunzi wa sekondari ataandika milinganyo miwili, aondoe kisichojulikana kimoja, kisha apate jibu: embe ni Sh25, chungwa ni Sh10.

Sasa, msomaji, badala ya maembe na machungwa, weka joto, unyevu, shinikizo la hewa na kasi ya upepo katika kila kipande cha anga, kuanzia ardhini hadi juu mawinguni. Visivyojulikana si viwili tena, bali ni mamilioni. Mhandisi anayetaka kujua kama daraja litastahimili uzito wa malori hukutana na hesabu ya aina hiyo hiyo. Kadhalika mtafiti anayefuatilia jinsi maradhi yanavyoenea kutoka mji mmoja hadi mwingine.

Mwingereza Lewis Fry Richardson alijaribu hesabu ya hewa kwa mkono wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, alipokuwa akihudumu katika kikosi cha magari ya wagonjwa nchini Ufaransa. Alitumia wiki kadhaa kukokotoa mabadiliko ya hewa ya saa sita pekee, kwa kutumia vipimo vya Mei 20, 1910. Nakala ya kazi yake ilipotea vitani, ikapatikana miezi kadhaa baadaye chini ya rundo la makaa ya mawe nchini Ubelgiji.

Jibu alilopata lilikuwa la kushangaza: shinikizo la hewa lingepanda kwa hektopaskali 145, ilhali siku yenyewe halikubadilika sana. Vipimo alivyoanza navyo havikuwa vimesawazishwa, na hesabu ikakikuza kasoro hiyo. Katika kitabu alichochapisha 1922, Richardson aliota ukumbi mkubwa wenye watu 64,000 wakikokotoa kwa pamoja ili kwenda sambamba na hewa ya dunia.

Ndoto hiyo ilianza kutimia 1950, pale kompyuta ya Marekani iliyoitwa ENIAC ilipotoa utabiri wa kwanza wa aina hiyo. Utabiri wa saa 24 ulichukua takriban saa 24 kukokotolewa. Kompyuta ilikuwa ikikimbizana na jua.

Njia si moja

Huenda mtu akadhani kwamba kinachohitajika ni kompyuta yenye kasi, basi. La hasha. Kasi bila njia bora ni sawa na kukimbia kuelekea kusiko.

Chukua milinganyo 20 yenye visivyojulikana 20. Kuna kanuni ya kale iliyopewa jina la Gabriel Cramer, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18. Ni nzuri kwa kufundishia darasani. Lakini ikifuatwa kama ilivyoandikwa, kompyuta inayokokotoa vipande bilioni moja vya hesabu hiyo kila sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 1,600 kutoa jibu.

Njia ya kuondoa kisichojulikana kimoja baada ya kingine, ile aliyoitumia mwanafunzi wetu wa sokoni, huhitaji hatua 6,000 hivi kwa swali lilo hilo. Ni kazi isiyofika kupepesa jicho. Njia hii huhusishwa na Mjerumani Carl Friedrich Gauss, ingawa Wachina waliifahamu karibu miaka 2,000 iliyopita.

Kompyuta ni ile ile, swali ni lile lile. Tofauti ni njia. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya maktaba za hesabu: ndani yake mna njia zilizochaguliwa na watu waliotumia maisha yao yote kuzichunguza.

Kosa dogo, maafa makubwa

Faida ya pili ni usahihi. Kompyuta haina nafasi ya kuandika tarakimu zisizo na mwisho. Kwa kawaida huhifadhi tarakimu 16 hivi za kila nambari na kukata zinazosalia. Kama vile sisi tusivyoweza kuandika theluthi moja kwa desimali tukaimaliza, ndivyo kompyuta isivyoweza kuandika hata sehemu moja ya kumi kikamilifu, kwa kuwa yenyewe huhesabu kwa sifuri na moja pekee.

Sisi wahariri tunaijua hofu hii. Herufi moja tu hutenganisha "kufa" na "kufaa", na asiyeiona huliabisha gazeti zima. Katika hesabu, kipande kilichokatwa ni kidogo, lakini kikirudiwa mara mamilioni hujumlika na kuwa mlima.

Mnamo Februari 25, 1991, wakati wa vita vya Ghuba, mtambo wa Patriot wa kuzuia makombora huko Dhahran, Saudi Arabia, ulishindwa kulizuia kombora la Scud kutoka Iraq. Wanajeshi 28 wa Marekani waliuawa. Uchunguzi ulionyesha kwamba saa ya mtambo huo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na kila sehemu ilikuwa imekatwa kidogo mno.

Mtambo ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo. Makosa hayo madogo yalikuwa yamefika thuluthi moja ya sekunde. Kwa mwendo wa Scud, muda huo ulitosha kombora kusafiri zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulilitafuta mahali ambapo halikuwapo.

Katika miaka ya 1940, baadhi ya wataalamu waliogopa kwamba hata njia ya Gauss ingeharibiwa na makosa ya aina hii pindi milinganyo ingekuwa mingi. Aliyewatoa hofu ni Mwingereza James Wilkinson, aliyejiunga na Maabara ya Kitaifa ya Fizikia mjini Teddington mwaka wa 1946 na kufanya kazi chini ya mwanahisabati mashuhuri Alan Turing.

Wilkinson alieleza jambo lililo rahisi kulisema lakini gumu kulithibitisha. Iwapo hatua zitapangwa vyema, hasa kwa kuchagua nambari kubwa ya kugawia badala ya ndogo, basi jibu litolewalo na kompyuta huwa ni jibu sahihi la swali lililo jirani mno na lile lililoulizwa. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka wa 1970.

Kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa wote

Mwaka wa 1971, Wilkinson na mwenzake Christian Reinsch walichapisha kitabu kilichokusanya programu zao. Huko Marekani, katika Maabara ya Argonne karibu na Chicago, watafiti walizichukua nyingi kati ya programu hizo, wakaziandika upya kwa lugha ya Fortran na kuzifanyia majaribio kwenye kompyuta za aina mbalimbali. Maktaba hiyo iliitwa EISPACK, na ilishughulikia maswali kama yale ya mitetemo ya majengo na mitambo.

Mnamo 1979 ikaja LINPACK, maktaba ya kutatua milinganyo mingi kwa pamoja, iliyoandikwa na Jack Dongarra, Jim Bunch, Cleve Moler na G. W. Stewart. Mwaka huo huo ulichapishwa mkusanyiko mdogo uitwao BLAS, wenye hatua za msingi tu, kama vile kuzidisha na kujumlisha safu za nambari. Hatua hizo ndogo ndizo matofali ambayo maktaba nyingine zimejengewa.

Uingereza nayo haikuachwa nyuma. Mradi wa NAG ulianzishwa huko Nottingham mwaka wa 1970 na vyuo vikuu vilivyotaka kutumia programu moja badala ya kila kimoja kujiandikia yake.

Kuanzia 1985, huduma iitwayo Netlib iliwawezesha wanasayansi kupata programu hizi bila malipo. Mtu alituma barua pepe akitaja jina la programu, naye akajibiwa kwa programu yenyewe. Hiyo ilikuwa kabla ya watu wengi kulisikia neno intaneti.

Miaka ilivyosonga, kompyuta zilibadilika. Sehemu ya kukokotoa ilipata kasi kubwa kuliko kumbukumbu inamohifadhiwa data. Hebu mfikirie mpishi wa hoteli ambaye ghala lake liko mbali na jiko. Akienda kuchukua kitunguu kimoja, akarudi kukikata, kisha akaenda kuchukua kingine, wateja watalala njaa hata kama kisu chake ni kikali namna gani. Mpishi mwerevu hubeba kikapu kizima na kukimaliza kabla ya kurudi ghalani.

Hivyo ndivyo ifanyavyo LAPACK, maktaba iliyotolewa 1992 ili kuchukua nafasi ya EISPACK na LINPACK. Badala ya kushughulikia nambari mojamoja au safu moja moja, huchukua mafungu ya nambari na kuyatumia kikamilifu kabla ya kuyaachia. Programu ya kuzidisha majedwali ya nambari iliyoandikwa kwa njia ya kawaida yaweza kuwa polepole mara kumi, au hata zaidi ya mara mia, ikilinganishwa na ile ya BLAS iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta hiyo hiyo.

Milinganyo milioni moja

Lakini kuna maswali ambayo hata LAPACK haiwezi kuyamaliza peke yake. Milinganyo ikiongezeka maradufu, kazi ya njia ya Gauss huongezeka mara nane. Milinganyo milioni moja yenye visivyojulikana milioni moja huhitaji jedwali la nambari trilioni moja, yaani terabaiti nane za kumbukumbu, ambazo kompyuta ya kawaida ya ofisini haina.

Wokovu hutokana na maumbile yenyewe. Hewa iliyoko Kisumu katika dakika hii hugusana na hewa iliyo jirani yake, si ile ya Mombasa. Kwa hivyo katika maswali mengi ya sayansi, sehemu kubwa mno ya jedwali hilo huwa ni sifuri. Ikiwa kila mlinganyo unahusisha visivyojulikana saba tu, nambari za kuhifadhiwa ni milioni saba badala ya trilioni moja.

Kwa majedwali ya aina hiyo, wataalamu hutumia njia za kukisia jibu, kupima limekosea kwa kiasi gani, kisha kulisahihisha tena na tena hadi litosheleze. Moja ya njia mashuhuri zaidi ilichapishwa 1952 na Magnus Hestenes na Eduard Stiefel. Maktaba ya PETSc, iliyoanza kuundwa Argonne katika miaka ya 1990, hukusanya njia kama hizo na kuligawa swali moja kati ya maelfu ya kompyuta zinazofanya kazi kwa pamoja. Ukumbi wa Richardson umejengwa, ila waliomo si watu.

Kasi ya mitambo hiyo ni ya kutisha. Mnamo 2022, kompyuta ya Frontier iliyoko Tennessee, Marekani, ilivuka hesabu bilioni bilioni moja kwa sekunde. Novemba 2024, El Capitan ya California iliipita. Jambo la kuvutia ni kwamba kipimo kinachotumika kuzipanga kompyuta hizo tangu 1993 kilitokana na LINPACK, maktaba ile ile ya 1979.

Chombo na mwenye chombo

Hata hivyo, maktaba bora haimwondolei mtumiaji wajibu wa kufikiri. Agosti 23, 1991, msingi wa saruji wa mtambo wa kuchimba gesi uitwao Sleipner A ulipasuka na kuzama karibu na Stavanger, Norway, ukiwa kwenye majaribio. Hasara ilikadiriwa kuwa takriban dola milioni 700.

Uchunguzi ulibainisha kwamba wahandisi walitumia programu inayojulikana na kuaminika, lakini waliigawa kuta za mtambo katika vipande vikubwa mno kwenye hesabu zao. Nguvu fulani ndani ya zege zikakadiriwa kwa upungufu wa asilimia 47, na kuta zikajengwa zikiwa nyembamba. Kompyuta ilijibu ilichoulizwa, ila waliouliza hawakuuliza vyema.

Ndiyo sababu wakufunzi wa fani hii husisitiza mambo machache. Kwanza, usiandike upya kile ambacho wengine wamekwisha kukiandika na kukijaribu. Pili, ukipata jibu, lirudishe kwenye milinganyo ya mwanzo uone kama linatosheleza. Tatu, badilisha vipimo vya mwanzo kidogo. Jibu likiyumba sana, basi swali lenyewe ni tete na jibu lisiaminiwe upesi. Nne, taja maktaba uliyotumia, ili mwingine aweze kuirudia kazi yako na kuithibitisha.

Deni lisilolipwa

Aprili 10, 2019, dunia ilionyeshwa picha ya kwanza ya shimo jeusi angani, lililo katikati ya kundi la nyota liitwalo M87. Picha hiyo ilichorwa kutokana na data za darubini zilizotapakaa duniani, na miongoni mwa programu zilizotumika ni NumPy na SciPy, maktaba za lugha ya Python ambazo yeyote anaweza kuzipata bila malipo.

NumPy ilianzishwa na Travis Oliphant mnamo 2005, na kwa miaka mingi iliendelezwa na watu waliojitolea. Ilitumiwa kote duniani, lakini ni 2017 tu ilipopata ufadhili wake wa kwanza. Ndani yake, hesabu za milinganyo hupitia BLAS na LAPACK. Nyingi ya programu za akili bandia zinazozungumziwa kila kona siku hizi nazo, ukizichimba hadi chini, ni kuzidisha majedwali ya nambari, kazi ambayo misingi yake iliwekwa na wazee hawa.

Angalau mmoja wao amekumbukwa. Jack Dongarra alipewa Tuzo ya Turing ya mwaka wa 2021 kwa kazi yake ya maktaba hizi. Wengi wa wenzake hawajulikani hata na wanaowategemea kila siku, kwani fundi wa msingi hasifiwi nyumba inapopakwa rangi.

Nafasi yetu

Kwa Afrika, habari hii ina upande wa kutia moyo. Serikali zetu haziwezi kununua El Capitan kesho. Lakini LAPACK iliyo kwenye kompyuta ya mwanafunzi wa Kakamega ni ile ile inayopatikana kwa watafiti wa California, na hakuna anayemlipisha hata senti. Anachohitaji ni kompyuta ya kawaida, intaneti ya kuipakua mara moja, na mwalimu anayeielewa.

Bara hili limepiga hatua. Afrika Kusini ilizindua kompyuta iitwayo Lengau, yaani duma, jijini Cape Town mwaka wa 2016. Mwaka huo huo, Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, AIMS, ilifungua kituo chake nchini Rwanda, ambako vijana kutoka nchi mbalimbali hufundishwa hisabati pamoja na kompyuta. Hapa kwetu, kituo cha ICPAC kilichoko Ngong hutoa utabiri kwa nchi 11 za Afrika Mashariki.

Pengo lililopo ni la watu. Anayejua kubonyeza kitufe ni tofauti na anayejua kilichomo nyuma ya kitufe hicho. Wa kwanza atapokea utabiri wa wengine na kuusoma. Wa pili, mvua ikikadiriwa chini, ataweza kuuliza kwa nini, na kulirekebisha kosa kabla ya msimu mwingine.

Vijana wengi huvutiwa na yale mapya yenye majina makubwa, wakadhani hesabu za kuondoa kisichojulikana ni za kufaulia mtihani tu. Waambiwe kwamba ndizo zinazoendesha hayo mapya. Wahenga walinena, usiache mbachao kwa mswala upitao.